Nondo Sitini za Rusenga

Ujiji,
2 Oktoba 2024

Mpendwa Yunisi,

Kosa wanalolifanya wengi wanapotumwa kupima mmomonyoko wa udongo ni kwenda moja kwa moja kwenye korongo. Wanasimama ukingoni, wanapiga picha, wanaandika kina na upana, kisha wanarudi ofisini wameridhika. Korongo ni kovu, mjukuu wangu. Linakuonyesha mlima ulipoumia zamani, halikuambii unapougua sasa. Udongo mwingi huondoka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, tabaka jembamba, mteremko mzima kwa pamoja. Mwenye shamba anaamka asubuhi, anaona shamba lake liko palepale, anachukua jembe.

Barua yako nimeletewa na Kasongo, nahodha wa boti. Umeomba radhi kwa kuniandikia kwa karatasi eti kwa sababu huko Rusenga simu haishiki mpaka upande kilimani. Usiombe radhi. Baba yako nilipomfundisha chuoni alikuwa akiandika vizuri kuliko wote, naona mkono wake umeurithi.

Nimeielewa kazi yako hivi: wewe ndiye afisa kilimo wa kata. Kitongoji cha Rusenga kina nyumba ishirini na tatu, ziwa mbele yake, nyuma yake mlima uliokatwa miti. Wilaya inataka jibu ifikapo tarehe 12 Desemba, watu wabaki au wahamie juu kwenye tambarare ya shule. Jibu lako ndilo watakalolifuata. Basi lisiwe jibu la macho.

Nenda kwa mafundi wa kuchomelea pale Mwanga mjini, wakukatie nondo nyembamba vipande sitini, kila kimoja sentimita arobaini. Zipigilie mlimani kwa mistari mitano, kuanzia juu kwenye visiki hadi nyuma ya nyumba za kwanza. Kila moja iache sentimita tano juu ya ardhi, yaani upana wa vidole vitatu vya mkono wangu. Zipake rangi nyekundu vichwani ili uzione kwenye majani. Baada ya kila mvua kubwa, pima. Nondo ikionekana ndefu zaidi, udongo umeondoka. Ikionekana fupi, udongo wa juu umetua hapo. Hakuna siri nyingine.

Na yule mama wa nyumba ya kwanza, ile iliyo chini ya korongo lenyewe, ukipita mjulie hali.

Babu yako,
Telesphory


Rusenga,
16 Oktoba 2024

Shikamoo Babu,

Nondo zote sitini zimesimama. Mikono yangu ina malengelenge, lakini zimesimama.

Mlima ni mkali kuliko nilivyodhani. Juu kabisa kumebaki visiki, miti yote imekwenda kwenye mkaa na kuni. Katikati ni mihogo, na chini, karibu na nyumba, ni michikichi. Nimeshangazwa na umbo la mashamba. Kila shamba ni ukanda mwembamba unaoshuka kutoka visikini mpaka michikichini. Bwana Leodgar, mwenyekiti wa kitongoji, amenieleza kuwa baba akifariki kila mtoto hupewa ukanda wake wenye mlima kidogo na michikichi kidogo, ili asiwepo wa kusema ameonewa. Sasa baadhi ya kanda zina upana wa hatua saba tu. Matuta yote yanashuka na mlima. Nilipomshauri mama mmoja akate matuta yake kwa ubavu wa mlima ili yazuie maji, aliniuliza, "Nikishafika hatua ya saba, nimrukie shemeji?"

Watu waliponikuta nagonga nondo waliuliza nafanya nini. Nikawajibu tunapima mlima. Wakasema "haya," wakaenda zao. Nilifurahi kwamba wamenielewa upesi, ila Bwana Leodgar alicheka, akasema watu wa hapa wakikuitikia upesi hivyo ujue hawajakubali.

Yule mama uliyenituma kwake anaitwa Bibi Rozalia, mjane, mkubwa kuliko wote kitongojini. Alinipa muhogo wa kuchoma. Akauliza rangi nyekundu ni ya nini. Nikamwambia ni ya kuonekana kwa mbali. Akasema hata zile za mjini zilionekana kwa mbali. Sikumwelewa. Na wewe, Babu, umejuaje kuwa nyumba ya kwanza ni ya mama?

Jambo moja zaidi. Katika kabati la ofisi ya kijiji nimekuta taarifa ya mwaka 1973, ya wakati watu walipohamishiwa hapa kwa Operesheni ya kuhamia vijijini. Imeandikwa kwa mkono mzuri sana: "Mteremko una msitu mnene na udongo umeshikwa barabara. Mahali hapa ni salama kwa makazi ya vizazi vyote." Imesainiwa T.B.N., Msaidizi wa Kilimo. Unamfahamu? Taarifa kama hii itanisaidia sana kulinganisha.

Wako,
Yunisi


Ujiji,
23 Oktoba 2024

Mpendwa Yunisi,

Marahaba. Malengelenge yatapona.

Usigombane na zile kanda. Watu wamegawana mlima kwa haki, na ukiivunja haki yao kwa ajili ya maji utapoteza vyote viwili. Waambie majirani watatu au wanne wapande mstari mmoja wa majani ya tembo unaopita mashamba yao yote, kila mmoja akate kwa ajili ya mbuzi wake sehemu inayopita kwake. Mpaka unabaki, na maji yanapungua mwendo. Hilo ni la mwakani, sasa hivi kazi yako ni kujua.

Ukipima, pima kila nondo kutoka upande wa juu wa mlima, siku zote upande uleule, kwa sababu maji huchimba kidogo nyuma ya chuma na kukudanganya.

Kuhusu faili: karatasi ya miaka hamsini inafaa kufungia karanga. Wasaidizi wa kilimo wakati ule tulikuwa wengi. Usiitegemee.

Kuhusu nyumba ya kwanza, nilikisia tu. Kila kitongoji kina mama kwenye nyumba ya kwanza.

Babu yako,
Telesphory


Rusenga,
24 Novemba 2024

Shikamoo Babu,

Nina habari njema.

Tumepata mvua kubwa tatu, tarehe 3, 11 na 19. Ile ya tarehe 11 ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Kila mara nimepanda kesho yake kupima. Karibu nondo zote sitini zinasoma sentimita tano. Chache zinasoma nne na nusu. Hakuna hata moja iliyozidi tano. Nilipima mara mbili nikidhani rula ina kasoro.

Bwana Leodgar alinishika mkono mbele ya watu, akasema bibi shamba ameleta baraka. Wanawake walipiga vigelegele. Na naomba unisamehe kwa kukukaidi, lakini matokeo yangu yanakubaliana kabisa na ile taarifa ya 1973. Bwana T.B.N. aliona mbali. Nimeanza kuandika: hatari ni ndogo, watu wabaki. Wiki ijayo naipeleka wilayani.

Mengine ni ya kawaida. Wavuvi wananung'unika kuwa ziwa limekuwa jekundu, hatua mia moja kutoka ufukweni, na dagaa hawasogei. Bibi Rozalia hajambo, tena ana nguvu za ajabu. Kila mvua ikikatika namkuta anashuka mlimani, anasema alikwenda kuchuma uyoga.

Wako mwenye furaha,
Yunisi


Ujiji,
28 Novemba 2024

Mpendwa Yunisi,

Usiipeleke taarifa hiyo. Kama umeshaifunga kwenye bahasha, fungua. Nimemwomba Kasongo akukabidhi barua hii mkononi.

Tafakari pamoja nami. Ziwa limekuwa jekundu hatua mia. Ule wekundu ni udongo, na hakuna mlima mwingine unaomwaga maji kwenye ufukwe huo. Kwa hiyo mlima wako umetoa udongo mwingi, na nondo zako zinasema haujatoa hata punje. Mmoja kati ya hao wawili anakudanganya, na ziwa halina sababu ya kudanganya.

Halafu, nondo sitini zisome sawa? Nimefanya kazi hii miaka thelathini na sita. Sijawahi kuona mlima ambao visikini na michikichini panasomeka sawa. Udongo hauna nidhamu hiyo. Nidhamu hiyo ni ya binadamu.

Na uyoga. Uyoga tunaoula sisi huota chini ya miombo. Mlima hauna mti. Bibi anachuma nini?

Panda leo hii utazame vichwa vya nondo. Ukikuta rangi imebanduka juu na chuma kimepondeka, basi ulichokuwa unapima ni kazi ya jiwe la mtu.

Usiwakasirikie. Kosa ni langu kabla halijawa la mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekuambia upake nyekundu. Katika nchi hii, nyumba ikipigwa alama nyekundu mwenye nyumba anajua kinachofuata. Nawe ukawaambia "tunapima." Kwako wewe na mimi, kupima ni kutaka kujua. Kwa mwananchi, wanaopima ni wale wanaokuja na ramani, na baada yao huja watu wa kubomoa. Tumetumia neno moja, kila upande ukasikia lake.

Kosa la pili ni la zamani zaidi. T.B.N. ni Telesphory Balthazar Ntibagomba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na viatu vipya. Nilipewa siku mbili kuchagua mahali pa kuwaweka watu walioteremshwa kutoka milimani. Nilipima mteremko, nikachimba shimo kuuona udongo, nikahesabu miti. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli siku ile. Ila nilileta familia chini ya msitu na sikujiuliza watapika kwa nini. Kuni zingetoka wapi, kama si hapo juu? Halafu nikaandika "vizazi vyote." Hakuna aliyeniomba maneno hayo mawili. Niliyaongeza kwa sababu yalipendeza.

Kwa hiyo usinitumie kama shahidi. Nenda kwa Bibi Rozalia, kaa naye chini, muulize kwa heshima. Mwambie wazo la nondo ni langu, na unitaje majina yote matatu.

Babu yako,
Telesphory


Rusenga,
3 Desemba 2024

Kaka Telesphory,

Shikamoo. Hujanisikia miaka sita, tangu tulipomzika Pastory wangu, kwa hiyo nakukumbusha kuwa mdogo wako Rozalia bado nipo na kusoma na kuandika sijasahau.

Mtoto wa watu alikuja hapa na uso wa msibani. Akakutaja majina yote matatu kama anayesoma tangazo la ndoa kanisani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakujua kuwa nami ni Ntibagomba. Nimemwambia. Amekasirika kidogo, si kwangu, kwako.

Ndiyo, ni mimi. Kwa jiwe la kusagia. Nilianza peke yangu, kisha Elida wa nyumba ya nne akawa ananisaidia zile za juu kwa sababu ya magoti. Nilimwona huyo binti akipima vidole vitatu, basi kila mvua ikikatika tulipanda tukazirudisha vidole vitatu. Zilizo nyuma ya nyumba yangu ziliingia nusu kidole kila mvua. Za kwenye mihogo kidole kizima. Za visikini kidole na nusu, na ile mvua ya kelele, viwili. Nakueleza yote ili usimgombeze. Alipima vizuri, sisi tuligonga vizuri zaidi.

Ulitegemea tufanye nini? Tulisikia wanapima. Ulipokuja ile mara ya kwanza pia ulisema unapima, na mwezi haujaisha tukajikuta tumelala nje na kuku. Binti wa Elida aliyeolewa mjini, nyumba yao ilipigwa nyekundu, wiki ya tatu hakuna nyumba. Sasa nyekundu imepanda mpaka mihogoni kwangu na wewe unataka tupige makofi.

Kaka, wewe ulinisimamisha hapa hapa, nikiwa na mimba ya kwanza, ukasema: "Roza, hapa ndiyo mwisho. Hamtahamishwa tena." Nilikuamini. Nimezaa sita. Nimepanda michikichi, nimezeeka. Wengine wote walijenga baada yangu kwa sababu waliniona nimetulia. Sihami.

Na usihangaike, nyumba ni nzima. Mlango wa nyuma tu ndio umegoma kufunga tangu ile mvua ya pili, fremu imekaa upande, lakini wa mbele nao ni mlango. Na ule mchikichi aliopanda Pastory siku hizi unainamia dirishani kwangu, utadhani unatafuta umbea.

Mdogo wako,
Rozalia


Rusenga,
5 Desemba 2024

Shikamoo Babu,

Ungeniambia. Nimekaa miezi miwili nikikuandikia habari za dada yako kama habari za mtu baki. Nimekwisha kusema, sirudii.

Vichwa vya nondo vimepondeka vyote. Nilipoviona nilitaka kulia, kisha Bibi akanisomea barua yake kabla ya kuifunga, nami nikasikia zile hesabu za vidole. Nikarudi kwake na rula. Tulikaa barazani nikampima vidole. Kidole chake kimoja ni sentimita moja na nusu na kidogo. Nikamwuliza tena kila mstari, kila mvua, naye anakumbuka bila kusita, na Elida nilimuuliza peke yake, naye akasema yaleyale. Basi nimeandika upya. Nyuma ya nyumba, sentimita mbili na nusu zimeondoka. Mihogoni, karibu tano. Visikini, karibu nane. Kwa mvua tatu.

Nikapanda juu zaidi ya mstari wa kwanza, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu hapana nondo. Hatua arobaini juu nimekuta ufa. Haushuki na mlima kama korongo, unakata mlima kwa ubavu. Mguu wangu unaingia mpaka kwenye goti. Nimeufuata hatua mia moja na kumi na sijauona mwisho wake. Ndani yake maji yamesimama.

Taarifa sasa inasema hatari ni kubwa, watu wahame. Jana tulikaa kikao. Nilianza kwa kuomba msamaha kwa rangi na kwa lile neno. Nikawaeleza ufa, na Bwana Leodgar na wanaume wawili walikuwa wamekwenda kuuona asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyenibishia. Shule imefungwa kwa likizo na mwalimu mkuu ametoa madarasa yote. Nikadhani tumemaliza. Ndipo mzee mmoja akasimama akasema: "Bibi Rozalia ndiye mwenyeji wetu. Akihama, tunahama. Akibaki, tunabaki." Wote wakaitikia. Nyumba zote ishirini na tatu.

Bibi aliinuka, akafuta kanga yake vumbi, akasema yeye ana mawese jikoni, akaondoka.

Nimekwenda kwake mara tatu tangu hapo. Ananipa chakula na hanijibu. Timu ya wilaya inakuja tarehe 12, lakini sidhani kama mlima umepata nakala ya barua yao. Mawingu upande wa Kongo ni mazito.

Mwandikie wewe. Mimi maneno yamekwisha.

Yunisi


Ujiji,
7 Desemba 2024

Mdogo wangu Rozalia,

Marahaba. Hii imeandikwa alfajiri ili iwahi boti ya kwanza. Kasongo amesema hataondoka gatini bila hiyo. Boti yenye nafasi ya mzee mwenye mkongojo ni ya Jumatatu, nami nitakuwemo. Lakini leo ni Jumamosi, na Jumatatu ni mbali.

Nianze na lililonifunga mdomo. Siku tuliyomzika Pastory, watu walipokuwa wanarudi kutoka makaburini, niliinua macho nikauona mlima. Sikuwa nimefika tangu ukatwe. Mtu wa kazi yangu hahitaji kipimo kuona mlima kama ule. Niliona mizizi ya visiki imening'inia hewani, nikaona mihogo imesimama juu ya vichuguu vyake kama meno ya mzee, na chini yake nikaona paa la nyumba yako. Nilijua siku ileile. Nilipaswa kukuambia kabla ya chai ya msibani. Badala yake nilipanda boti, nikarudi Ujiji, nikajiambia umefiwa, usisumbuliwe. Kisha ukapita mwaka, na kila mwaka uliofuata ilizidi kuwa aibu kusema. Yunisi aliponiandikia nilifurahi kwamba sasa atasema mtu mwingine. Ndiyo maana sikukutaja. Samahani, Roza. Sina maelezo mazuri kuliko hayo.

Sasa niruhusu nikueleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyosomea.

Unadhani uliharibu kipimo. Kumbe wewe ndiye uliyekifanya. Kama msingegonga, binti angesoma nondo mara moja na kuandika namba. Nyinyi mmegonga kila nondo baada ya kila mvua, mkahisi kwa mikono chuma kimezama kiasi gani. Kila ulichokizamisha ndicho mlima ulichopoteza. Hukuwa unairudisha ardhi mahali pake, ulikuwa unaifuata inavyoshuka. Kidole chako kimoja, kikitandazwa juu ya ekari moja, ni malori zaidi ya kumi ya udongo. Hesabu malori hayo kwa kidole kimoja na mvua moja. Ndiyo yaliyo ziwani.

Hayo ni ya udongo wa juu, na kwa hayo peke yake ningekuacha ubaki mpaka tuje na majani ya tembo. Ninachokiogopa ni kile ulichoniandikia mwishoni kama mzaha. Mlango haugomi. Fremu imekaa upande kwa sababu ukuta umesukumwa, na ukuta umesukumwa kwa sababu ardhi iliyo nyuma yake inatembea. Mchikichi hautafuti umbea. Mti uliosimama wima miaka arobaini ukianza kuinama bila upepo, ni kwamba mizizi yake imebebwa. Na ufa alioukuta Yunisi ndio mwanzo wa mwendo huo: mlima umeshakatika pale juu, na sasa umekaa tu, unasubiri maji ya kuulainisha chini. Ufa, mchikichi, mlango, vyote vitatu viko kwenye mstari mmoja, na mstari huo unapita chumbani kwako. Sijui kama ni mvua ijayo au ya tano. Anayekuambia anajua, usimwamini, hata akiwa kaka yako. Ninachojua ni kwamba hautarudi nyuma.

Ulisema nilikuahidi. Ni kweli, na nakumbuka ulivyokuwa umeshika kiuno. Niliahidi kitu nisichokuwa na uwezo nacho, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka uache kulia. Ahadi hiyo naifuta leo kwa maandishi. Sikupi amri ya kuhama. Sina cheo, na wala hakuna askari atakayekuja. Shamba litabaki lako, michikichi ni yako, utashuka kulima siku za jua na kupanda kulala shuleni. Pastory yuko upande wa kanisa, mlima hauelekei kule. Safari hii anayekuomba uhame amekosea mbele yako, na amekubali kukosea. Mwaka 1973 hukupewa hata hilo.

Na kuna wale ishirini na wawili. Wamejenga kwa kukutazama wewe, umesema mwenyewe. Hawatausikiliza ufa, hawatamsikiliza Yunisi, wala mimi. Wanatazama moshi wa jiko lako asubuhi unatokea wapi.

Unamkumbuka mama siku tuliyofika Rusenga? Aliketi juu ya mzigo wake kutwa nzima. Tulimpa maji, akakataa. Tulimwonyesha kiwanja, akageuza uso. Alisema hajafika. Bwana mmoja wa Operesheni alimwambia kwa ukali kwamba amefika, jina lake limo kwenye daftari, naye akamjibu kuwa daftari halipiki ugali. Mpaka wewe, na tumbo lako lile, ukayafungua mawe matatu ya jiko uliyoyabeba kutoka juu bila kumwambia mtu. Ukayapanga, ukawasha. Mama akashuka kwenye mzigo, akasema sasa amefika. Na akina mama wote waliokuwa wameketi juu ya mizigo yao wakaanza kutafuta mawe. Mimi nilikuwa na ramani, muhuri na kofia. Aliyewahamisha watu siku ile ni wewe.

Vitanda vinaweza kungoja. Bati na milango Leodgar na wenzake wataving'oa kwa zamu, jua likiwepo. Nguo, picha ya Pastory, mbegu, hayo yote yatakuja kwa safari. Usianze na hayo, maana mtu anayebeba nguo watu hudhani anasafiri.

Nakuandikia mimi, kaka yako, Telesphory Balthazar Ntibagomba, niliyesaini ile karatasi ya kwanza na sasa nasaini hii. Ukimaliza kuisoma, kabla hujaikunja, toa mafiga jikoni na uyapange shuleni leo.